Jiwe la Utingo: Land Rover Kuukuu za Sirari, Gia Mpya na Breki za Kale

Mpita njia anayeshuka Sirari, awe ametoka upande wa Isebania au amekuja kwa njia ya Tarime, aghalabu macho yake huvutwa na yale yanayovuta macho katika kila mpaka: malori yaliyopangana yakingoja karatasi zake, wabadilishaji fedha wenye mabunda ya noti za nchi mbili mikononi, na mabishano ya bei yanayoanza kwa Kiswahili, yakapita katika Kikurya, kisha yakarejea Kiswahili kabla hayajakwisha. Mimi, kwa ada niliyojizoeza tangu ujana na ambayo haikunipatia faida yoyote, hutazama kwanza magurudumu. Na nilichokiona Sirari, kikanishughulisha kuliko malori na noti, kilikuwa jiwe. Nyuma ya gurudumu la kila Land Rover kuukuu iliyosimama mahali palipoinama hata kidogo pana jiwe, nalo si la kuokotwa siku ile: limechaguliwa, limezoea kazi yake, lina upande uliolika kwa kusuguana na mpira, na gari linapoondoka utingo huliinua kwa mikono miwili akalitia chini ya benchi, mahali pake penyewe, kama mtu arudishaye sahani kabatini.

Nilidhani mwanzoni kuwa ni mazoea tu ya watu wasioziamini breki zao. Dhana hiyo haikuwa mbali na kweli; walakini kweli yenyewe ni ndefu zaidi, nayo imefichika katikati ya gari, chini ya sakafu, mahali ambapo abiria haoni kitu na dereva hasikii ila mngurumo. Nilikuja kuifahamu kwa kukaa siku tatu juu ya tairi lililolazwa chini, katika gereji isiyo na kibao, nyuma ya barabara ya lami, nikimtazama fundi wa makamo akiifungua Land Rover 109 ya mzee mmoja wa Nyamwaga, ambaye alitaka gari lake litiwe injini ya Kijapani na giaboksi ya gia tano, na ambaye alipoulizwa habari za breki hakuwa na la kujibu ila kwamba zipo.

Yafaa nieleze kwanza kwa nini gari la umri ule lingali likihangaikiwa na watu wenye akili timamu. Barabara kuu itokayo Sirari, ambayo Watanzania huitaja kwa pumzi moja hadi Mbeya kana kwamba nchi nzima ni kamba iliyofungwa ncha hizo mbili, ni ya lami na haimtaki mtu awe na gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Lakini ukiiacha pale Tarime ukashika njia ya mashariki, ukapita Nyamwaga na Nyamongo, ukauvuka Mto Mara na kuelekea Mugumu, unaingia katika nchi ya tabia nyingine: milima yenye migomba, kahawa na ukungu wa asubuhi huporomoka kwenda bondeni, na huko chini udongo ni ule mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na masika hugeuka ulimbo. Katika nchi kama hiyo gari husifiwa kwa mambo mawili, kupanda na kufika. Kushuka hakusifiwi na mtu yeyote, wala hakutajwi katika mazungumzo ya bei, ijapokuwa kila aliyepanda kwenda Tarime hana budi siku moja kushuka.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Toleo la pili lilitoka 1958 na la tatu 1971, na upande wa pili wa mpaka huu, katika mji wa Thika, kampuni ya Leyland Kenya iliziunganisha kwa miaka mingi. Mpinzani wake kutoka Japani, Land Cruiser ya 40, aliundwa tangu 1960 hadi 1984, akampisha ndugu yake wa 70, huyu tunayemwita mkonga kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Hao ndio wazee ninaowazungumzia. Wengi wao wamekwisha kuwapita umri madereva wao.

Giaboksi ya Land Rover ya toleo la pili ilikuwa na gia nne za kwenda mbele, na kati ya hizo mbili za chini hazikuwa na zile pete za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa pete. Akitaka kurudi kutoka gia ya tatu kwenda ya pili sharuti akanyage klachi, atoe gia, aachie klachi, apige mafuta kidogo ili meno yalingane, akanyage klachi tena, ndipo aitie gia ya pili. Na yote hayo huku mteremko ukimsukuma kisogoni na mbuzi wa watu wakivuka njia. Mzee wangu wa Nyamwaga aliifanya kazi hiyo pasipo kelele hata moja, kwa mguu uliokuwa mwepesi kuliko ndimi za wasemaji wengi niliowahi kuwasikia. Vijana anaowaajiri hawawezi, na kila mmoja ameacha alama yake ndani ya giaboksi kwa namna ya meno yaliyovunjika kona. Kando ya rungu la gia yamo marungu mengine mawili mafupi: la kichwa cha manjano, la kuamsha magurudumu ya mbele, na la kichwa chekundu, la kuingiza zile gia za nguvu ambazo gari hutambaa kwazo kama kinyonga. Kwa kichwa hicho chekundu dereva mjuzi hushuka kilima chochote pasipo kugusa breki, maana injini yenyewe, ikiwa imefungwa katika gia ya chini, hukataa kukimbia na hulizuia gari zima. Natamani jambo hili likumbukwe, kwa kuwa nitalirudia: katika gari la namna hii gia ni nusu ya breki.

Sasa, sababu za mzee kutaka kubadili zilikuwa halali kabisa. Injini ya dizeli ya lita 2.25 aliyokuwa nayo hutoa nguvu za farasi zipatazo sitini tu, na mwendo wake wa raha barabarani hauzidi sana kilomita 70 kwa saa. Abiria wa Tarime wa leo hawana subira hiyo. Alikuwa amepata injini ya Toyota aina ya 3B, silinda nne, lita 3.4, yenye farasi tisini na kitu, pamoja na giaboksi yake ya gia tano, vyote kutoka katika Land Cruiser iliyokufa kwa kutu. Wapo wanaobadili injini peke yake wakaiacha giaboksi ya Mwingereza mahali pake, nayo ndiyo njia ya gharama ndogo, ila hukiweka chombo kilichopimwa kwa nguvu ndogo chini ya nguvu iliyozidi kwa karibu nusu, na baada ya muda shafti husokotwa, beringi hulia, na mwenye gari humlaumu fundi. Mzee alikataa njia hiyo. Alikwisha kuijaribu katika gari jingine.

Ningeweza kuandika gazeti zima juu ya siku ya kwanza, siku ya kuzioanisha injini na chasisi. Watu hudhani kazi ngumu ni ya kuchomelea vishikio. Fundi aliimaliza hiyo kabla ya chai. Kilichomla muda ni mstari. Shafti ya kuingilia ya giaboksi huchomeka ncha yake katika bushi ndogo ya shaba iliyomo kitovuni mwa krenki, na lau mashine hizi mbili zikipishana kitovu kwa unene wa ukucha tu, klachi itatetema, bushi italika kuwa yai, na beringi ya mbele itakufa kabla ya mvua mbili. Kwa bahati giaboksi na injini hizi zilikuwa za ukoo mmoja; lakini bushi ilikuwa imelika, na ile mpya iliyokuja kwa basi kutoka Nairobi, iliyonunuliwa Barabara ya Kirinyaga, ilikataa kuingia. Fundi hakuipiga nyundo. Aliitia ndani ya mfuko wa shati, akapanda pikipiki kwenda kwa mtu mwenye mashine ya kukerezea vyuma, akarudi saa mbili baadaye akiwa nayo, akaipaka mafuta kidogo, akaisukuma kwa kidole gumba, ikaingia kwa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate. Akanitazama pasipo kusema neno. Nami nikaliandika hilo kitabuni mwangu, na kwa hakika ndiyo sentensi pekee niliyoiandika siku ile.

Ilikuwa siku ya pili, giaboksi ya kale ilipokwisha kuteremshwa na kulazwa juu ya gunia, ndipo siri ya jiwe ilipojitokeza. Nyuma ya giaboksi ile palikuwa na dramu ndogo ya breki, kadiri ya sufuria ya kupikia uji wa mtoto, mahali ambapo shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma huanzia. Hiyo ndiyo breki ya mkono ya Land Rover. Haikamati magurudumu kama ilivyo katika magari mengi. Inaikamata shafti, katikati ya gari, mbali na tope na maji, na kwa hakika aliyeibuni alikuwa na busara, maana hukaa kavu pale ambapo breki za magurudumu zimeloa. Walakini busara hiyo ina mlango wa nyuma. Kati ya shafti na magurudumu imo difu, na difu kazi yake ni kuliruhusu gurudumu moja kuzunguka zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani huwa huru, na lililo chini nalo hupata uhuru wake kwa kumgeuza mwenzake kinyume, na gari lililovutwa breki ya mkono barabara kabisa huondoka polepole na kushuka kutoka juu ya jeki. Hutokea vivyo hivyo shafti ya gurudumu inapokatika, nalo katika Land Rover hizi ni jambo la kawaida kiasi kwamba wengi hutembea na ya akiba. Basi jiwe la utingo halikuanza kwa uzembe. Lilianza kwa maarifa.

Baadaye ndipo uzembe ulipolirithi. Giaboksi ya Kijapani aliyoileta mzee ilitoka katika gari ambalo breki yake ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma kwa waya, na nyuma yake haina dramu yoyote. Maana yake, kwa mtu anayefikiri, ni kwamba siku ile ile giaboksi ya kale inapotolewa, breki ya mkono nayo imetolewa, imelala pale guniani pamoja nayo, na rungu lililobaki kando ya kiti cha dereva limekuwa pambo. Nilimwuliza fundi ni magari mangapi ya namna hiyo anayoyajua yanayotembea hivyo. Akacheka, akaonyesha kwa spana kuelekea stendi. Kisha akamgeukia mwenye gari.

"Mzee, nikufungie gia kwanza ama breki?"

"Mura, mimi nataka gari lipande. Kushuka litashuka lenyewe."

"Hapo ndipo ninapoogopa, baba. Kushuka lenyewe."

Mzee akanyamaza kitambo, akatoa ugoro wake. Nami, ambaye sikuulizwa, nikaona heri niseme yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi gari lililotiwa gia tano na gereji moja ambayo jina lake halina faida hapa, tukashuka nalo kuelekea Mto Mara mchana wa jua kali, dereva akiwa kijana hodari aliyejivunia ukimya wa gia ya tano. Alishuka katika gia hiyo. Kila kona alikanyaga breki kidogo, na kila mara pedali ilikwenda chini zaidi ya mara iliyotangulia, hata ikafika sakafuni kama mtu akanyagaye sifongo. Alipotaka kurudi gia ya tatu mwendo ulikwisha kupita, gia ikakataa, na kwa muda wa pumzi kadhaa tulikuwa hatuna gia wala breki, ila usukani peke yake, ambao yeye, Mungu amrehemu kwa akili zake, aliutumia kutuchomeka ubavuni mwa kichuguu. Tulipoifungua chupa ya mafuta ya breki ilikuwa na rangi ya kahawa ya kijiweni.

Mambo mawili yalikutana siku ile, na hukutana kila siku katika milima hii. La kwanza ni hesabu ya joto. Breki haiuondoi mwendo, huugeuza kuwa joto, na joto hilo haliongezeki sawa na mwendo: gari likitoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, mzigo wa breki hukaribia kuwa maradufu, na likifika 100 huwa mara nne. Land Rover ya 109 ilipewa dramu za inchi 11 magurudumu yote, nazo zilitosha kwa gari lililokuwa likitambaa. Lakini dramu ikipata moto hutanuka, hulikimbia lile vazi la breki lililo ndani yake, na mguu wa dereva hulazimika kuufuata mkimbio huo mpaka pedali iishe. Diski haina tabia hiyo, maana joto huinenepesha kuelekea padi zake, si kuzikimbia. La pili ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa: yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakikaa hata kulewa maji huchemka kwenye 140, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa. Ndiyo sifongo tuliyoikanyaga. Afadhali mwenye mafuta hayo yaliyolewa maji kuliko anayejazia mafuta ya injini pale yanapopungua, kwa kuwa mpira wa silinda ukinywa mafuta ya injini huvimba, na breki zilizovimba hukamata zenyewe, zikawaka moto pasipo mtu kuzigusa.

Sikujua kama maneno yangu yalimgusa mzee au ulikuwa ugoro, lakini siku ya tatu ekseli za Land Cruiser zililetwa kwa mkokoteni, ya mbele ikiwa na diski na ya nyuma ikiwa na dramu zenye waya wa breki ya mkono, na magurudumu yake ya nati sita yakaziondoa rimu za zamani za nati tano, ambazo ziliuzwa kabla ya adhuhuri kwa mtu aliyekuwa akizinyemelea tangu juzi. Watu huamini kwamba diski zikifungwa kazi imekwisha. La hasha. Silinda kuu ya gari la dramu ni nyembamba na haina mafuta ya kutosha kuzisukuma pistoni nene za diski, tena mara nyingi ndani yake imo vali ndogo inayobakiza msukumo kidogo katika mabomba hata mguu ukiondolewa, jambo linalofaa dramu na kuziunguza diski. Kwa hiyo silinda kuu sharuti itoke katika gari lile lile lililotoa ekseli. Vivyo hivyo na busta. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu ya kutosha kuiendesha. Ya dizeli haina uvutaji huo, inahitaji pampu, na katika 3B pampu hukaa mgongoni mwa altaneta. Nimesikia la gari lililopata altaneta ya bei rahisi isiyo na pampu: taa ziliwaka vizuri kuliko zamani, na breki zikawa ngumu kama kukanyaga kizingiti.

Lipo pia dude dogo juu ya ekseli ya nyuma ya Toyota, lenye mkono unaopanda na kushuka na mzigo, ambalo hupunguza msukumo wa breki za nyuma gari likiwa tupu ili zisikamate kabla ya zile za mbele na kuligeuza gari ubavu. Mafundi wengi huling'oa, eti linavuja. Huyu alilisafisha kwa petroli akalirudisha. Nilipomwuliza sababu alisema tu kwamba Mjapani hakuliweka kwa kupamba.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kadi ya gari hutaja namba ya injini, na anayeibadili yampasa kuipeleka habari hiyo TRA kabla hajaulizwa na askari, licha ya kwamba kampuni ya bima, siku ya madai, huisoma kadi kwa makini yasiyoonekana siku ya kulipia. Wapo nao wanaoona haramu kuipa Land Rover moyo wa Toyota. Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha kwa mamia, shabaha ikiwa kuipita rekodi ya Ujerumani ya 2018 ya msafara wa Land Rover 632, na sina shaka kwamba chini ya boneti nyingi siku ile palikuwa na Kijapani kingi kuliko kilichotangazwa. Mimi sioni haya katika hilo. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya ukoo huo tarehe 29 Januari 2016, na gari lisilo na spea hutibiwa kwa damu ya jirani. Ninachokionea haya ni mpango wa kazi: watu hununua mwendo kwanza kwa fedha zote walizonazo, na breki huachiwa salio, na salio halipo.

Jioni ya siku ya tatu walitoa upepo katika mabomba. Kijana alikaa ndani akikanyaga, fundi akalala chini akifungua na kufunga nati, na neno moja likasikika kwa nusu saa nzima, "Kanyaga... shika... achia," mpaka mapovu yakaisha katika kile kichupa cha plastiki. Kisha mzee mwenyewe akaingia, akaiwasha, akalipandisha gari mpaka kwenye kile kilima kidogo kilicho nyuma ya maghala, akasimama katikati ya mwinamo, akavuta breki ya mkono, akazima injini na kuondoa gia. Gari halikusogea. Tulisikiliza. Kuku alipita chini yake.

Utingo alikuwa amekwisha kuruka chini, jiwe mikononi, akalisukuma nyuma ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto, akalipiga teke ili likae sawa. Fundi akamwambia kwamba sasa halina kazi. Mzee alimtazama fundi, akalitazama jiwe, akatoa kichwa dirishani.

"Liache hapo hapo," alisema. "Tukiondoka ulirudishe mahali pake."

Na tulipoondoka lilirudi chini ya benchi.